Shajara ya mfumo wa mizani Kibirizi: seva inasoma faili lipi?

Mradi ni mfumo mdogo wa kusajili magunia ya dagaa wakavu kwa kikundi cha kina mama wanaouzia mwaloni Kibirizi. Msimbo ni PHP, hifadhidata ni MariaDB, na kila kitu kinakaa ndani ya ofisi yao bila kutegemea intaneti. Tunautengenezea kwenye karakana yetu Mwanga, Kigoma mjini, katika kompyuta mpakato yenye Windows na XAMPP, furushi moja lenye Apache (seva ya kurasa), PHP na MariaDB. Ukikomaa utahamia kwenye kompyuta ya mezani yenye Debian 12, ambayo ni Linux. Watendaji ni mimi na kijana mmoja aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Tumepewa siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, na kina mama wanapata nafasi ya kukaa nasi. Giza likirudi, hakuna atakayetusikiliza.

Kurasa na ripoti zina daftari lake. Humu naandika habari za mafaili ya mipangilio peke yake, maana ndiyo yaliyotula muda.

Jumatatu asubuhi

Mfumo uliokuwa mzima Ijumaa leo unatoa kosa namba 1045 la hifadhidata. Kijana akafungua config.php, faili la mipangilio la mfumo wetu, papo hapo, akaanza kujaribu nywila moja baada ya nyingine. Nikamzuia. Namba ya kosa huwa imeshasema nusu ya habari, kwa hiyo tuisikilize kwanza. Ukiona 2002, hujafika hata mlangoni. Ukiona 1045, umefika, umebisha hodi, mwenye nyumba akakukataa. Ukiona 1049, umekaribishwa ndani lakini chumba unachokiulizia hakipo.

Sisi tumekataliwa, maana yake kuna aliyeitikia hodi. Lakini kwenye paneli ya XAMPP, mstari wa MySQL haujawaka kabisa. Sasa nani ameitikia?

Tukatafuta aliyekamata 3306, poti (namba ya mlango wa mtandao) ambayo seva yetu husikiliza. Dirisha la amri likatoa jibu:

netstat -ano | findstr 3306

Mwisho wa mstari kuna namba ya mchakato. Ukiitafuta namba hiyo kwa tasklist unakuta mysqld.exe, programu ya seva ya hifadhidata, na si ya kwetu. Mwishoni mwa wiki kijana alisakinisha MySQL 8.0 kwa ajili ya kazi ya chuo. Ile inajiandikisha kama huduma ya Windows, inaamka pamoja na mashine, inakamata poti 3306 kabla mtu hajagusa paneli. Mfumo wetu ulikuwa unapeleka nywila sahihi kwenye seva isiyo yake.

Mkanganyiko huu una historia. MariaDB ilichipuka kutoka MySQL mwaka 2009, wakati Oracle ilipotangaza kuinunua Sun, iliyokuwa ikimiliki MySQL. Ilibaki na poti ileile, amri zilezile, na ndani ya XAMPP hata jina la programu ni lilelile mysqld.exe. XAMPP yenyewe ilihamia MariaDB mwaka 2015, lakini paneli yake hadi leo imeandikwa MySQL. Ndiyo maana swali la kwanza kuiuliza seva yoyote unayoingia ni hili:

SELECT VERSION(), @@port, @@datadir;

Majibu matatu, na unajua uko kwa nani.

Jumatatu mchana

Tungeweza kuizima ile MySQL ya chuo. Kijana akasema ana zoezi la kukabidhi, na mimi sioni sababu ya kumharibia. Seva mbili zinakaa mashine moja bila ugomvi, mradi kila moja iwe na poti yake. Ya kwetu inahamia 3307.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa kuwa namba hiyo haikai sehemu moja. Ndani ya C:\xampp\mysql\bin\my.ini kuna mistari miwili ya port: mmoja chini ya [client], mwingine chini ya [mysqld]. Wa [mysqld] ndio unaoiambia seva isikilize wapi. Wa [client] unaziambia amri kama mysql (ya kuingia) na mysqldump (ya kutoa nakala ya data) zipige hodi wapi. Ukibadilisha wa juu ukaacha wa chini, seva inabaki 3306 na amri zinabisha 3307. Halafu kuna config.inc.php ya phpMyAdmin, kurasa za kusimamia hifadhidata, nayo inahitaji mstari wake wa port. Halafu config.php ya mfumo wetu.

Kuna pia ile sehemu ya poti ndani ya paneli ya XAMPP. Hiyo inaiambia paneli ikague poti ipi tu, seva haiiangalii. Nimeona mtu akibadilisha pale, akafunga, akaamini amemaliza kazi.

Jambo jingine dogo la Windows: viambishi vya majina ya mafaili hufichwa. Ukihifadhi kwa Notepad bila uangalifu unapata my.ini.txt, na kwenye folda linaonekana my.ini safi kabisa. Kwenye kila mashine ya kazi, kitu cha kwanza ni kufichua viambishi.

Saa kumi jioni mfumo umewaka.

Jumanne

Kizigeu cha C kimejaa, kwa hiyo tunahamishia data kwenye D. Seva ikazimwa, folda yote ya data ikanakiliwa, ibdata1 (faili kuu la InnoDB, injini inayohifadhi majedwali yetu) na folda ya mysql zikiwemo, kisha mstari mmoja ukabadilishwa katika my.ini:

datadir=D:\soko

Seva ikakataa kuwaka. Faili la kumbukumbu za makosa halina jipya, mstari wake wa mwisho ni wa jana. Hilo lenyewe lina maana: kwa mpangilio wa XAMPP faili hilo linaandikwa ndani ya folda ya data, na kama seva haijaipata folda, haina pa kuandikia malalamiko yake. Ukimya wa kumbukumbu unaelekeza kwenye njia ya folda kuliko kwenye ruhusa au poti.

Hapa nampenda ndugu huyu:

mysqld --defaults-file=C:/xampp/mysql/bin/my.ini --print-defaults

Haiwashi seva. Inakuonyesha tu mipangilio kama seva yenyewe ilivyoielewa baada ya kusoma faili. (Hiyo --defaults-file lazima iwe ya kwanza kwenye mstari, vinginevyo haikubaliwi.) Tukasoma, na mle ndani tukaona:

--datadir=D: oko

Herufi s imeyeyuka. Kijana alicheka mpaka akakaa chini. Sababu ni kwamba katika mafaili haya alama ya \ ikifuatwa na herufi fulani hugeuka kuwa kitu kingine: \s ni nafasi tupu, \t ni tabo, \n ni mstari mpya, \b ni kurudi nyuma. Folda ingeitwa D:\dagaa tungepita salama bila kujua, kwani \d haina maana yoyote. Ingeitwa D:\taarifa tungepata tabo na aarifa. Yaani usalama wako unategemea umeita folda jina gani, na huo si usalama.

Dawa ni mkwaju wa mbele (/), hata kwenye Windows:

datadir="D:/soko"

Ikawaka. @@datadir ikajibu D:\soko\ kama kawaida yake, na magunia yote yapo.

Jumatano

Umeme ulikatika katikati ya uingizaji. Betri ya mpakato hii ilikufa zamani, inaishi kwa waya. Uliporudi, seva haikuwaka, ila safari hii kumbukumbu zimeandika: urejeshaji wa Aria umeshindikana.

Tangu toleo la 10.4, MariaDB huweka majedwali yake ya ndani, yale ya watumiaji na ruhusa, katika injini ya kuhifadhi iitwayo Aria. Majedwali yetu ya magunia ni InnoDB. Kwa hiyo kilichoumia ni orodha ya nani anaruhusiwa kuingia, wala si mzigo. Ujumbe wenyewe unataja tiba: endesha aria_chk -r juu ya mafaili ya .MAI, kisha ondoa mafaili ya aria_log yenye namba. Tukafanya hivyo, seva ikiwa imezimwa, na baada ya kunakili D:/soko yote pembeni. Ikaamka.

Naandika hili kwa herufi nzito kwa sababu ushauri wa kinyume umezagaa: usifute ibdata1. Kuna watu wanaoeleza kwamba seva ikigoma, futa ibdata1 na itawaka. Ni kweli inaweza kuwaka. Ila kamusi ya majedwali ya InnoDB inakaa humo, na ukiifuta majina ya majedwali utayaona lakini ukiyafungua utaambiwa hayapo. Kama hujanakili folda nzima kwanza, usiguse kitu.

Kijana akauliza kama tubadilishe innodb_flush_log_at_trx_commit iwe 2, amesoma inaongeza kasi. Inaongeza. Lakini kwa thamani ya 1 kila muamala unashushwa diskini kabla mtumiaji hajaambiwa tayari, na kwa 2 umeme ukikatika unaweza kupoteza kama sekunde moja ya kazi. Mama anayepima gunia moja kwa dakika kadhaa hahitaji kasi hiyo, anahitaji gunia lake liwepo. Tumeiacha 1.

Alhamisi

Mama mweka hazina alipanda kutoka Kibirizi na daftari lake la jalada gumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii mashine yenu ina shida na siku. Magunia yaliyopakiwa usiku wa kuamkia Jumapili, risiti ya mwenye gari inasema Jumapili, mashine inasema Jumamosi. Nikijumlisha sipati."

Ni magunia ya majaribio tuliyoingiza kabla ya mbalamwezi. Nikamwomba atusomee saa. Yote yaliyohama ni ya gari lililopakia saa sita na nusu usiku. Ya alfajiri, mitumbwi inapotia nanga, hayakuhama siku.

Saa sita na nusu usiku Kigoma ni 00:30. Mashine ikirudi nyuma saa moja tu, ni 23:30 ya jana. Ya alfajiri hata ikirudi nyuma bado ni siku ileile, ndiyo maana hayakuonekana. Sasa saa imerudishwa na nani? Saa ya Windows ni sahihi. Tulipotazama safu za jedwali tukakuta kitu cha ajabu: kila mstari una muda wa kuingizwa na muda wa kusasishwa, na ule wa pili umezidi kwa saa nzima hata kwa gunia ambalo hakuna aliyeligusa tena. Muda wa kwanza unaandikwa na PHP kwa date(). Wa pili unaandikwa na hifadhidata kwa NOW(). Hifadhidata inafuata Windows. PHP inafuata faili lake la mipangilio, php.ini, na php.ini ya XAMPP inakuja ikiwa na:

date.timezone=Europe/Berlin

XAMPP ilizaliwa Ujerumani, na saa yake imebaki huko. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Berlin wako mbili wakati wa kiangazi chao na moja wakati wa baridi. Kwa hiyo kosa letu lingekuwa saa moja sehemu ya mwaka na saa mbili sehemu nyingine, na mwakani mtu angekaa na daftari akitafuta magunia kwa tofauti mbili.

Kijana akabadilisha kuwa Africa/Dar_es_Salaam. Hakuna kilichobadilika. Akawasha Apache upya, bado. Swali likawa lilelile la Jumatatu: unahariri faili lipi, na PHP inasoma lipi? Ukurasa wa phpinfo() unataja juu kabisa njia ya faili lililopakiwa, C:\xampp\php\php.ini. Yeye alikuwa ndani ya php.ini-development, linalokaa folda hiyohiyo kama kielelezo tu na halisomwi na yeyote.

Kwa hifadhidata nayo tumeweka chini ya [mysqld]:

default-time-zone='+03:00'

Majina kama Africa/Dar_es_Salaam MariaDB huyakubali baada tu ya majedwali ya kanda za saa kupakiwa, na kwetu ni kazi ya bure, kwa kuwa Tanzania haisogezi saa zake. Namba inatosha mwaka mzima.

Mistari ya majaribio tuliisogeza mbele kwa saa moja, baada ya kuchukua nakala. Mama akajumlisha tena kwa kalamu, akafunga daftari, akasema, "Haya, sasa tunaongea." Nafikiri huyu ndiye mkaguzi bora tuliye naye kwenye mradi.

Ijumaa, ofisini Kibirizi

Siku ya kuhama. Kompyuta ya mezani ina Debian 12, na ndani yake MariaDB 10.11 na PHP 8.2.

Faili la kwanza la data lilikataliwa mstari wa kwanza kabisa. Lilitolewa kwa mysqldump ndani ya PowerShell kwa alama ya >, na PowerShell ya Windows huandika hivyo kwa UTF-16, usimbaji wa herufi ambao amri ya kuingiza haiusomi. Likatolewa upya kwa --result-file na tatizo likaisha. Faili la pili, orodha ya wanunuzi ambayo kijana aliianzia kwenye MySQL 8 yake, likaleta kosa 1273: MariaDB hii haiujui ulinganifu wa herufi utf8mb4_0900_ai_ci. Tukabadilisha ndani ya faili kuwa utf8mb4_unicode_ci.

Kisha kijana akaniita kwa hofu: data za madaftari ya zamani hazijaingia zote, katikati ya 2024 kuna shimo. Mama mmoja aliyekuwa anachambua dagaa pembeni akajibu kabla yangu: "Ziwa lilikuwa limefungwa, mwanangu." Kweli. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule. Uingizaji ulikuwa salama.

Lililonifurahisha leo ni hili. Tulinakili config.php kutoka Windows ikiwa na host=localhost na port=3307. Debian inasikiliza 3306, nasi tukasahau kurekebisha, na mfumo ukafanya kazi! Kijana akaona localhost haina fahari, akaandika 127.0.0.1, na papo hapo 2002. Akaapa kwamba hajagusa kitu kingine, na ni kweli. Kwenye Linux, neno localhost kwa PHP na MariaDB halimaanishi mtandao: linamaanisha soketi, faili maalumu ndani ya mashine, na namba ya poti haitazamwi kabisa. Ukiandika 127.0.0.1 unapita kwa mtandao, na hapo poti inahesabiwa. Mstari mbovu ulikuwa umekaa kimya ukisubiri mtu aubadilishie jirani yake. Tumerudisha localhost na kuifuta poti.

Root, mtumiaji mkuu wa MariaDB, kwenye Debian haingii kwa nywila kutoka kwenye ukurasa wa PHP. Anatambuliwa kwa kuwa root wa mashine yenyewe. Watu hupambana kumvunja. Sisi tumeunda mtumiaji wa mfumo, mwenye ruhusa juu ya hifadhidata moja tu, na hivyo ndivyo ilitakiwa tangu XAMPP.

Kompyuta ina RAM ya GB 4, nasi tukataka innodb_buffer_pool_size, sehemu ya RAM ambamo InnoDB huweka data inayotumika, iwe 1G badala ya ile ya kawaida ya MB 128. Hatukugusa 50-server.cnf, faili la mipangilio lililokuja na Debian. Tuliweka faili letu, 90-kibirizi.cnf, ndani ya /etc/mysql/mariadb.conf.d, kwa sababu mafaili ya humo yanasomwa kwa mpangilio wa majina na la mwisho ndilo linaloshinda. Na lazima liishie .cnf. Seva ikawashwa upya, tukaiuliza:

SELECT @@innodb_buffer_pool_size;

134217728. Ileile 128. Faili lipo mahali pake, jina sahihi, maandishi sahihi. Nikaendesha ls -l na nikaona ruhusa zake: 777. Kijana alitaka liharirike bila usumbufu. MariaDB ikikuta faili la mipangilio ambalo mtu yeyote kwenye mashine anaweza kuliandika, inalipuuza. Inatoa onyo, lakini onyo lenyewe linapita haraka. Tukaweka 644 (mwenye faili tu ndiye anayeliandika), ikajibu 1073741824.

Katibu aliuliza kama tufungue bind-address, anwani ambayo seva inasikiliza, ili tableti za kwenye mizani ziione hifadhidata. Hapana. Tableti zinaongea na Apache kupitia Wi-Fi, na Apache ndiyo inaongea na MariaDB ndani ya mashine. bind-address inabaki 127.0.0.1.

Na saa: Debian ina php.ini mbili, /etc/php/8.2/apache2 na /etc/php/8.2/cli. Ukiendesha php --ini kwenye dirisha la amri unaonyeshwa ya cli, wakati kurasa zinasoma ya apache2. Tumeweka kanda ya saa kwenye zote mbili, kwani ripoti ya usiku inaendeshwa na cron, kipanga kazi cha Linux, na inasoma ya cli.

Jumamosi

Nakala ya kila usiku imeshindwa kwa 1045, ilhali mfumo unaingia vizuri kwa nywila hiyohiyo. Nywila ina alama ya # katikati. Kwenye .my.cnf, faili ambamo amri ya nakala inasoma nywila, alama hiyo huanzisha maelezo hata ikiwa katikati ya mstari, kwa hiyo kila kilichofuata kilikatwa. Ikawekwa ndani ya alama za nukuu, faili likapewa 600, nakala ikatoka.

Tukairejesha kwenye hifadhidata nyingine tupu kuona kama inafunguka, na jumla ya magunia ikalingana na ya daftari. Nakala moja inabaki kwenye mashine, nyingine kwenye flashi anayokwenda nayo katibu nyumbani.

Kilichobaki kabla ya giza: UPS ya ofisini, ambayo kikundi kimeahidi kununua, ukurasa mmoja mdogo kwa ajili ya msimamizi, unaoonyesha toleo la seva, poti, folda ya data, kanda ya saa ya PHP na ya MariaDB, na njia ya php.ini iliyopakiwa, na kumfundisha binti wa mweka hazina kuusoma. Kijana ameshaanza kuuandika ukurasa huo, na jina la folda alilochagua ni ukaguzi, akaniuliza kwanza kama \u ina ubaya wowote.